Maswali ya Wasomaji: Mbegu ya Mwani Isibadilike Maabarani

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu Chlamydomonas reinhardtii, mwani wa kijani wa seli moja ambao kwa miongo mingi umekuwa kielelezo cha watafiti wa usanisinuru na wa flajela, yaani vile vijeledi viwili ambavyo seli huogelea navyo. Barua zilizotufikia hazikuuliza mwani huo ni kitu gani. Karibu zote ziliuliza namna ya kukaa nao. Tumechagua saba na kuzifupisha, na majibu yameandikwa na fundi sanifu mwandamizi ambaye kazi yake ya kila siku ni kutunza mbegu hizo, yaani seli hai za akiba ambazo mwani huoteshwa kutokana nazo.

SWALI: Miaka miwili iliyopita idara yetu iliagiza kutoka Marekani nasaba (ukoo wa seli) ya Chlamydomonas iitwayo CC-125. Ilipofika, seli ziliogelea kwa kasi hata jicho likashindwa kuzifuata kwenye hadubini. Siku hizi nyingi zimetulia chini ya tone kama punje za mtama, na tukijaribu kuipandanisha na nasaba ya CC-124 hatupati zaigoti (seli itokanayo na seli mbili kuungana) hata moja. Tumekuwa tukiihamishia kwenye agari (jeli ya kuoteshea) mpya kila wiki bila kukosa, tukichagua koloni moja nzuri kila mara. Tumekosea wapi? — Mwanafunzi wa shahada ya uzamili, Morogoro

JIBU: Ndugu mwanafunzi, kabla hamjaihukumu mbegu yenu, iondoleeni kwanza mashaka mawili mepesi. Seli zilizochotwa moja kwa moja kutoka kwenye agari aghalabu hazina flajela zinazofanya kazi, kwa sababu juu ya agari hakuna maji ya kuogelea. Ziwekeni ndani ya lishe ya maji chini ya taa kwa saa tatu au nne, ndipo mzitazame. Pili, seli hizi hazipandani zikiwa zimeshiba. Hugeuka kuwa gameti, yaani seli za kupandana, zinaponyimwa naitrojeni huku zikiwa kwenye mwanga, kwa hiyo mkichanganya CC-125 na CC-124 ndani ya lishe yenye amonia mtasubiri mpaka mchoke. Zikifaulu mitihani hiyo miwili, mbegu ni nzima na kilichokosewa ni maandalizi tu.

Zisipofaulu, basi kilichowaponza ni hiyo bidii ya kila wiki. Tuhesabu pamoja. Seli moja ikigawanyika mpaka ikawa koloni ya seli milioni moja, imepitia vizazi 20 hivi. Mkihamisha koloni moja kila wiki kwa mwaka mzima, mmeipitisha nasaba yenu kwenye vizazi zaidi ya 1,000. Mkihamisha kila baada ya miezi miwili, mmeipitisha kwenye vizazi 120. Kila mgawanyiko ni nafasi ya kosa kuingia kwenye jeni, na Chlamydomonas katika hali yake ya kawaida ya kukua ina nakala moja tu ya kila jeni, kwa hiyo kosa likiingia halina nakala ya pili ya kulisitiri. Zaidi ya hapo, mnapochagua koloni moja, mnachagua seli moja kuwa mzazi wa kila kitakachofuata, pamoja na makosa yake yote, na wenzake wote waliokuwa wazima mnawaacha kwenye kisahani cha zamani kinachokwenda kutupwa.

Na juu ya agari, seli iliyopoteza flajela haina hasara yoyote. Dimbwini ingebaki gizani wenzake wakiufuata mwanga. Kwenye kisahani, hakuna anayeiuliza. Ndiyo maana kuogelea na kupandana ndivyo vitu vya kwanza kupotea katika nasaba zinazotunzwa muda mrefu kwenye agari, wakati rangi ya kijani na kasi ya kuota hubaki vilevile na kumdanganya mtunzaji kwamba mambo ni shwari. Kuuotesha mwani ni kazi ya juma moja ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huiweza. Kuufanya ubaki ule ule uliotajwa kwenye ripoti ya utafiti ndiyo kazi tunayolipwa mshahara.

Mimi hutunza mbegu kwenye neli za mshazari, yaani neli zilizotiwa agari na kulazwa ikiwa bado moto ili igande kwa mteremko. Neli hukauka polepole kuliko kisahani. Huziweka kwenye nyuzi 20 hadi 22 za Sentigredi, katika mwanga hafifu ambao ni kama sehemu ya tano ya ule wa majaribio, na kuzihamisha kila baada ya miezi miwili au mitatu. Ninapohamisha, huchota kidogo kutoka sehemu kadhaa za utando wa kijani, sichagui koloni moja. Koloni moja naichagua ninaposafisha mbegu iliyochafuka, na baada ya hapo hupima upya kama bado inaogelea na kupandana. Kila nasaba ina neli tatu: moja ya kufanyia kazi, moja ya akiba, na moja iliyoko jengo lingine. Neli ya zamani haitupwi mpaka mpya ionekane imeota na imepimwa.

Msijione wazembe kupita kiasi. Nasaba nyingi za Chlamydomonas zinazotumika duniani chanzo chake ni mwani uliotengwa mwaka 1945 na G. M. Smith kutoka kwenye udongo wa karibu na Amherst, Massachusetts. Maabara ziligawana, kila moja ikatunza kwa desturi zake, na miaka zaidi ya sitini baadaye jenomu za nasaba hizo ziliposomwa na kulinganishwa, ilidhihirika kwamba historia ya baadhi yake haikulingana na ile iliyoandikwa kwenye kumbukumbu. Hao walikuwa watu makini.

Je, mbegu yenu inaokoleka? Pengine. Ikiwa bado wamo waogeleaji wachache, wekeni seli kwenye chupa nyembamba ya lishe ya maji, ifunikeni yote kwa karatasi ya aluminiamu isipokuwa tundu dogo upande mmoja karibu na juu, mulikeni tundu hilo kwa taa, na baada ya nusu saa nyonyeni kwa pipeti tone lililokusanyika hapo. Pakeni tone hilo kwa mistari kwenye agari na mpime koloni kumi au ishirini zitakazotokea. Angalizo moja: CC-125 huuendea mwanga, lakini CC-124 ina badiliko la jeni linaloifanya iukimbie, kwa hiyo kwa CC-124 tafuteni seli upande wa giza. Na kama mbegu yenu ni mutanti, yaani nasaba yenye badiliko la jeni, mnayemchunguza kwa sababu hiyo hiyo kwamba haogelei vizuri, msifanye mchezo huu hata kidogo, maana mtakuwa mnamchagua yule aliyerudia hali ya kawaida na kumwita kwa jina la mgonjwa.

Mkishindwa, agizeni upya. Chlamydomonas Resource Center, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, ipo kwa ajili hiyo. Mbegu ikifika, siku hiyo hiyo ihamisheni kwenye neli mbili na kuiweka ile ya asili kando, kwa sababu imesafiri gizani siku nyingi. Na ikiwa ni nasaba iliyopandikizwa jeni ngeni, ulizeni masharti ya usalama wa kibayolojia nchini mwenu kabla ya kulipia. Ni afadhali barua moja ya kuulizia kuliko mzigo uliokwama forodhani kwenye ghala lenye joto.

SWALI: Ninaotesha mwani wa aina mbili, Chlorella vulgaris na Chlamydomonas CC-125, kwenye lishe ile ile ya Bold, yaani maji yenye chumvi za madini za kuoteshea mwani. Chlorella inastawi mpaka maji yanakuwa kama mchicha uliosagwa. Chlamydomonas inapauka kuwa ya manjano na kukwama. Nimeongeza naitreti mara mbili, nikaongeza na sukari kidogo, hali ni ile ile. — Mtafiti kijana, Nairobi

JIBU: Ndugu mtafiti, umemwandalia mgeni chakula asichoweza kukila, na alipokataa ukamwongezea sahani. Lishe ya Bold hutoa naitrojeni yake yote kwa njia ya naitreti ya sodiamu, gramu 0.25 kwa lita. Ili seli itumie naitreti ni lazima kwanza iigeuze kuwa amonia, na kazi hiyo huanzwa na kimeng'enya kinachotokana na jeni iitwayo NIT1, ambayo nayo huwashwa na jeni nyingine, NIT2. Katika nasaba za CC-125 na CC-124 jeni zote mbili ni mbovu. Zimekuwa hivyo tangu zamani, na hilo halionekani kwa sababu watu wengi huzilisha amonia. Manjano unayoyaona ni njaa ya naitrojeni, ambapo seli hubomoa umbijani wake ili ipate cha kutumia.

Sukari nayo haisaidii. Chlorella vulgaris hutumia glukosi, lakini Chlamydomonas reinhardtii haiwezi. Kaboni ya chakula inayoikubali ni asetati, na kwa asetati itaota hata gizani na kubaki kijani. Sukari yako imewaalika bakteria tu.

Tumia lishe iitwayo TAP, kifupi cha Tris, asetati na fosfati, iliyotoka katika maabara ya Gorman na Levine mwaka 1965. Kwa lita moja weka gramu 2.42 za Tris, gramu 0.375 za kloridi ya amonia, gramu 0.1 ya salfeti ya magnesia yenye maji saba, gramu 0.05 ya kloridi ya kalsiamu yenye maji mawili, kiasi kidogo cha myeyusho wa fosfati, mililita moja ya madini haba ya Hutner, na mwisho asidi ya asetiki isiyozimuliwa, mililita moja hivi, ukiiongeza tone kwa tone mpaka pH ifike 7. Kwa agari ongeza gramu 15. Utakase kwa mvuke kwenye nyuzi 121 kwa dakika 20. Usijaribu kufupisha njia kwa kutia kloridi ya amonia kwenye lishe ya Bold mahali pa naitreti: seli zikinyonya amonia huacha asidi ndani ya maji, na lishe hiyo haina Tris ya kuizuia, kwa hiyo baada ya siku chache pH itakuwa imeporomoka.

Madini ya Hutner yanastahili neno lake peke yake, kwa kuwa ndiyo yanayowashinda wengi. Yakitengenezwa vizuri huanza yakiwa kijani kibichi. Unayaacha wiki moja au mbili kwenye chupa iliyozibwa kwa pamba, ukiitikisa kila siku, na polepole yanageuka kuwa zambarau kama maji ya rosela, huku mashapo ya rangi ya kutu yakishuka chini. Yachuje mpaka yawe maangavu. Mwanafunzi wangu mmoja aliyamwaga mara mbili akidhani yameharibika, na mara zote mbili yalikuwa ndiyo kwanza yanaiva.

Kasoro hii ya naitreti ina faida yake, nami huitumia kila mwaka. Chora mbegu yako ya CC-125 kwenye kisahani chenye naitreti pekee. Ikistawi, basi hiyo si CC-125, hata kama kibandiko kinasema hivyo kwa herufi kubwa. Huenda umebadilishana neli na CC-1690, ambayo jeni zake za naitreti ni nzima.

SWALI: Mwani mnaouzungumza ndio huu tunaoulima ufukweni? Na je, hiyo agari yenu hutokana nao? — Msomaji, Paje, Zanzibar

JIBU: Hapana, bibi. Mnaoulima ni mwani mwekundu wenye seli nyingi sana, jamaa wa mbali wa huu wetu, na hutoa karajinani. Agari nayo hutoka kwenye mwani mwekundu, lakini wa jamii nyingine, kama Gelidium na Gracilaria. Na kwa kuwa barua nyingine iliuliza kuhusu spirulina: hiyo si mwani wa kijani hata kidogo, ni bakteria wafanyao usanisinuru, jamaa wa wale wanaoliwa na heroe wa Ziwa Nakuru, na utunzaji wake una taratibu zake.

SWALI: Maabara yetu ina chumba kimoja chenye kiyoyozi, rafu ya taa za LED na meza ya kutikisia. Umeme ukikatika saa nne au tano, mwani unadhurika? Na mwanga uwe kiasi gani, ikiwa hatuna kipimo cha kitaalamu? — Fundi wa maabara, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu fundi mwenzangu, giza la saa tano haliudhuru mwani, kila usiku dunia huufanyia hivyo. Chupa isiyotikiswa itaacha seli zitue chini, nazo zitaamka ukizitikisa. Adui yako ni joto, na hasa joto linalokuja umeme ukirudi nusu, taa zikiwaka na kiyoyozi kikibaki kimezima.

Nayasema haya kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita, katika maabara niliyokuwa nikifanyia kazi wakati huo, tulifunga mlango Alhamisi ya kabla ya Pasaka na kurudi Jumanne. Umeme ulikuwa umekatika na kurudi. Taa zilikuwa kwenye saketi moja na kiyoyozi kwenye nyingine, na swichi ya hiyo ya pili ilikuwa imeruka. Nilipofungua mlango, hewa iliyonipiga usoni ilikuwa kama ya jikoni, yenye harufu ya majani yaliyochemshwa. Chupa za rafu ya juu, karibu na taa, zilikuwa zimebadilika kutoka kijani hadi rangi ya chai ya rangi iliyozimuliwa kwa maji, na utando mweupe ulikuwa umetulia chini. Kipimajoto cha ukutani kilisomeka nyuzi 41. Tulipoteza mutanti kumi na mmoja, na neli zao za akiba zilikuwa chumba hicho hicho, rafu ya pili kutoka chini. Nne kati ya hizo ziliota tena. Tangu hapo ndipo nilipoanza kupeleka neli ya tatu jengo lingine.

Kwa hiyo, hakikisha taa na kiyoyozi vinategemeana, ili kimoja kikizimika kingine kizimike. Fundi umeme atalifunga jambo hilo kwa saa moja. Tenganisha transfoma za LED na rafu, kwa sababu taa hizo husifiwa kwamba hazina joto ilhali transfoma yake huchemka. Chlamydomonas hupenda nyuzi 20 hadi 25, huvumilia 30, na ikifika karibu na 40 huanza kutoa protini za kujihami na kuacha kila kazi nyingine. Ikiwa kiyoyozi hakitegemeki kabisa na swali lenu la utafiti linaruhusu kubadili aina ya mwani, fikirieni Chlorella sorokiniana, ambayo Sorokin na Myers waliieleza mwaka 1953 na ambayo hustawi vizuri zaidi karibu na nyuzi 39. Joto la Dar halitaitisha.

Kuhusu mwanga, kwa majaribio ya kawaida maikromoli 50 za fotoni kwa mita ya mraba kwa sekunde zinatosha, na chini ya tyubu nyeupe hizo ni kama lux 3,700. Kipima-lux cha bei nafuu kitakusaidia, mradi usilinganishe taa za rangi tofauti, kwa kuwa lux hupimwa kwa macho ya binadamu, nasi hatuli mwanga. Kwa mbegu za akiba, lux mia saba au mia nane zinatosha.

SWALI: Kila baada ya uhamisho wa tatu au wa nne, visahani vyetu vya TAP huota utando wa rangi ya maziwa kando ya mwani, na mara nyingine manyoya meupe. Tumeshauriwa kutia streptomaisini. Tufanye hivyo? — Wahadhiri wawili, Mwanza

JIBU: Waheshimiwa, msitie streptomaisini. Kloroplasti, ile sehemu ya seli inayofanya usanisinuru, ina asili ya kibakteria, na mashine yake ya kutengeneza protini hufanana na ya bakteria kiasi kwamba streptomaisini, spektinomaisini na kloramfenikoli huishambulia pia. Mtaua mwani pamoja na mgeni wake, au, vibaya zaidi, mtabakiwa na seli chache zilizopata ukinzani kwa kubadilika jeni za kloroplasti. Ruth Sager alizifanya seli za namna hiyo kuwa maarufu mwaka 1954, alipoonyesha kuwa ukinzani wa streptomaisini waweza kurithiwa kutoka kwa mzazi mmoja tu. Kwake zilikuwa ugunduzi, kwenu zitakuwa mbegu iliyoharibika.

Ampisilini ni salama zaidi, kwa kuwa hushambulia ujenzi wa ukuta wa bakteria, na ukuta wa Chlamydomonas ni wa protini zenye sukari, si wa aina hiyo. Maikrogramu 500 kwa mililita hutumika, zikitiwa baada ya agari kupoa hadi nyuzi 50 hivi. Kwa kuvu, karbendazimu maikrogramu 40 kwa mililita hufanya kazi. Lakini dawa huwatuliza wageni bila kuwamaliza, na mbegu ya akiba isikae ndani ya dawa maisha yake yote. Baada ya uhamisho mmoja au miwili kwenye dawa, pakeni kwa mistari myembamba kwenye agari isiyo na dawa, tafuteni koloni iliyosimama peke yake, rudieni mara ya pili, kisha thibitisheni. Uthibitisho hufanywa kwa kuchora koloni hiyo kwenye TAP iliyoongezwa gramu 4 za dondoo ya hamira kwa lita na kuiacha gizani siku nne au tano. Bakteria hupenda sana hamira, nao hujitokeza hata kama kwenye TAP ya kawaida walikuwa wamejificha.

Wageni hao wanaingia wapi? TAP ina asetati, ambayo kwa lugha ya nyumbani ni chumvi ya siki, na ni chakula kizuri kwa kila kiumbe kipitacho. Naomba mtazame dari. Katika maabara nyingi nilizotembelea nimekuta mtu akifungua neli kando ya mwali wa kichomeo, kwa adabu zote za kitabuni, huku pangaboi likizunguka juu ya kichwa chake na kumwagia vumbi la siku nzima. Lizimeni, fungeni madirisha, subirini dakika kumi. Kitanzi cha waya kichomwe mpaka kiwe chekundu, kisha kipozwe kwa kugusa agari pembeni, mahali pasipo na mwani. Mlio wa chwii ukisikika mlipokigusa, mngeziunguza seli.

Na angalieni utitiri. Ukiona vidoa vya bakteria vimejipanga kwa mstari unaopinda kuvuka kisahani kama nyayo, hizo kweli ni nyayo: mdudu asiyeonekana vizuri kwa jicho ameingia chini ya kifuniko akitembea na kuvu miguuni kutoka kisahani hadi kisahani. Kisahani hicho kisifunguliwe. Kifungwe ndani ya mfuko na kupelekwa kwenye otoklevu, ile mashine ya kutakasa kwa mvuke. Sisimizi nao hufuata njia hiyo. Miguu ya rafu yangu imesimama ndani ya makopo yenye mafuta, kama kabati la chakula la bibi yangu, na wageni kutoka ng'ambo hulicheka jambo hilo mpaka waone visahani.

SWALI: Shule yetu haina fedha za kuagiza mbegu. Je, wanafunzi wa kidato cha tano wanaweza kupata mwani wao wenyewe na kuutunza? — Mwalimu wa biolojia, Kigoma

JIBU: Mwalimu, wanaweza, na watakuwa wanafuata njia ya Beijerinck, ambaye mwaka 1890 huko Uholanzi alieleza Chlorella vulgaris aliyoitenga na kuiotesha peke yake. Wakwangue utando wa kijani kwenye ukuta wa tangi la maji au kingo za dimbwi, wauchanganye na maji safi, wauzimue mara kumi, kisha mara kumi tena, na tena, na kupaka matone kwenye agari yenye lishe ya Bold. Hapo naitreti inafaa, na kukosekana kwa asetati kutawanyima bakteria karamu. Visahani vikae dirishani pasipopigwa na jua moja kwa moja. Baada ya wiki mbili au tatu vidoa vya kijani vitatokea. Kila kimoja kichotwe kwa ncha ya kijiti kilichotakaswa na kupakwa upya, mara mbili au tatu, mpaka hadubini ionyeshe seli za sura moja. Jiko la presha la nyumbani linatosha mahali pa otoklevu kwa chupa ndogo, likiachwa dakika 30 tangu lilipoanza kupiga filimbi.

Msiipe jina la kisayansi kwa kuitazama tu. Vidude vya kijani vya mviringo vipo vya koo nyingi zisizohusiana. Ipeni namba, mahali ilikotoka na tarehe, na muandike kwa penseli kwenye utepe wa karatasi, kwa sababu wino wa kalamu ya kawaida hufutika spiriti inapomwagika, na siku moja inamwagika.

SWALI: Nilitaka kupunguza kazi ya kuhamisha, nikaweka neli zangu za Chlamydomonas kwenye friza ya nyuzi hasi 20. Miezi miwili baadaye hakuna kilichoota. Nimesoma kuwa vituo vikubwa hugandisha mbegu. Wao wanafanyaje? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu msomaji, pole. Friza ya nyuzi hasi 20 ndiyo chombo tunachotumia makusudi kuziua seli za kawaida, pale tunapotaka zibaki zaigoti zilizokomaa, ambazo ukuta wake mnene huzistahimilisha. Seli isiyo na ukuta huo hupasuliwa na fuwele za barafu zinazokua ndani yake polepole.

Vituo vikubwa hugandisha hadi nyuzi hasi 196, ndani ya naitrojeni kimiminika, na siri iko kwenye safari ya kuelekea huko. Seli changa zilizo katikati ya kukua huchanganywa na lishe yenye methanoli, kiasi kwamba mwishoni methanoli iwe asilimia 5 hivi. Vichupa huwekwa kwenye chombo kilichozungukwa na isopropanoli ndani ya friza ya nyuzi hasi 80, ili joto lishuke kwa nyuzi moja hivi kila dakika, na baada ya saa moja na nusu huhamishiwa haraka kwenye naitrojeni. Methanoli ni sumu kwa mtu pia, kwa hiyo kazi hiyo ifanyike mahali penye hewa. Zitakazoamka ni sehemu tu ya seli, na baadhi ya nasaba, hasa zisizo na ukuta, huamka kwa shida. Kwa hiyo gandisha vichupa vitano au sita vya kila nasaba na uyeyushe kimoja wiki ile ile kujua kama umefaulu, kabla hujaacha kuhamisha neli.

Kama mji wako hauna naitrojeni ya uhakika ya kujazia tangi kila mara, baki na neli za mshazari. Tangi lililokauka usiku mmoja hupoteza vyote kwa pamoja, wakati neli hufa moja moja na kukupa muda wa kushtuka. Na siku utakapoyeyusha kichupa, kitumbukize kwenye maji ya nyuzi 35 hadi barafu ya mwisho iishe, hamishia seli kwenye lishe mpya ya TAP ili methanoli izimuliwe, na uziache usiku kucha kwenye kiza bila kuzitikisa. Asubuhi zipake kwenye agari chini ya mwanga hafifu, na usizikatie tamaa kabla ya wiki mbili.